Tairi Kwanza, Rimu Baadaye: Kuchagua Ukubwa Utakaolifanya Gari Lishike Barabara

Mtu akitaka gari lake likate kona kwa uhakika zaidi, mara nyingi huanzia kwenye duka la rimu. Huchagua ya inchi 17 au 18 iliyompendeza, ndipo aulize ni tairi gani litaingia humo. Mwongozo huu unakushauri uanzie upande wa pili. Amua kwanza tairi, yaani kipenyo chake, upana wake, kimo cha ukuta wake na ubora wa mpira wake, ukizingatia barabara unazopita kila wiki. Rimu ifuate, na kazi yake iwe moja tu: kulibeba tairi hilo sawasawa. Ukienda kwa mpangilio huo utatumia fedha kidogo, gari litatulia, na hutalipia urembo unaokupunguzia usalama.

Soma gari lako kabla ya kwenda dukani

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Pale pana kibandiko cha kiwandani kinachotaja ukubwa wa matairi na upepo wa mbele na wa nyuma. Kinakili. Usitegemee namba zilizo kwenye matairi yaliyofungwa sasa, kwa sababu gari lililopita mikono miwili mitatu huenda lilishabadilishwa, na wewe ukaja kubadilisha juu ya mabadiliko ya mwingine.

Tuchukue mfano wa 195/65R15 91H, ukubwa unaouona kwenye saluni nyingi za Kijapani, zikiwemo baadhi ya Toyota Allion na Subaru Impreza. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo, na asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127. Herufi R inaonyesha kwamba tairi ni la muundo wa rediali, kama yalivyo karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 inahusu mzigo: tairi moja linaruhusiwa kubeba hadi kilo 615. Herufi H ni mwendo wa juu ambao tairi limethibitishwa kuuhimili, kilomita 210 kwa saa. T ni 190, V ni 240, na Q ni 160.

Ukiikuta Q, tazama tena ukuta wa tairi kwa makini. Magari yanayotoka Japani huja wakati mwingine na matairi ya majira ya baridi, na mengi huandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye theluji, na kashata zake zimechanwa mistari myembamba mingi ili ziume barafu. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa iliyochomwa na jua, kashata hizo hulegea na kucheza, usukani ukawa mzito wa kuitika na gari likaonekana kuogelea. Mwenye gari hulaumu springi, kumbe dawa ni kuyavua matairi hayo na kufunga ya kawaida ya ukubwa uleule.

Hakikisha shida ni ukubwa

Kabla hujanunua chochote, kagua mambo manne yanayoharibu ushikaji wa barabara hata gari likiwa na matairi bora kabisa.

La kwanza ni upepo. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe, kisha ulinganishe na kibandiko. Magari ya Kijapani huandika kwa kilopaskali: 220 ni sawa na psi 32, na 240 ni karibu psi 35. Tairi lililopungukiwa upepo hukunja ukuta wake kila unapoingia kona, na jibu la usukani huchelewa. Lililozidishiwa hugusa lami kwa sehemu ya katikati tu na kurukaruka kwenye makorongo.

La pili ni shokapu. Gari likivuka tuta kisha likaendelea kunesa mara mbili tatu, shokapu zimechoka, na hakuna rimu itakayolitibu.

La tatu ni bushi, boljointi na tairodi. Usukani wenye mchezo, au milio ya kugonga chini gari linapopita kwenye mashimo, ni kazi ya fundi wa miguu ya gari.

La nne ni alaimenti. Gari linalovuta upande mmoja, au linalokula tairi ukingo mmoja, halijapangwa pembe za magurudumu yake. Kupiga alaimenti kunagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya matairi mapya, na mara nyingi ndiko kunakomaliza lawama yote.

Ukishayamaliza haya manne na bado unataka gari liitike haraka zaidi, sasa una sababu ya kuzungumzia ukubwa.

Kinachotokea kwenye kona

Unapokata usukani, rimu hugeuka kwanza. Ukuta wa tairi hujipinda, ndipo kashata zilizo chini zifuate. Kwa muda huo gurudumu linatazama upande mmoja na gari linakwenda upande mwingine kidogo, na tofauti hiyo ndogo ya mwelekeo ndiyo inayozaa nguvu ya kulivuta gari ndani ya kona. Ukuta mrefu huchukua muda kujipinda hadi nguvu hiyo ikamilike. Ukuta mfupi huikamilisha upesi, na ndiyo maana gari lenye matairi ya ukuta mfupi linaitika mara moja na dereva anahisi barabara mikononi.

Lakini ukuta huohuo una kazi ya pili. Ndio springi ya kwanza ya gari, inayopokea shimo na jiwe kabla springi za chuma hazijajua. Kwenye barabara yenye makunyanzi, tairi gumu hurushwa juu kila linapogonga, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Kwa hiyo ushikaji wa barabara hautokani na tairi peke yake. Barabara nayo ina sauti katika jambo hili.

Ushahidi mzuri uko Naivasha. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya daraja la juu hukimbia vumbi lile kwa matairi ya 205/65 kwenye rimu za inchi 15. Magari hayohayo yakienda kushindana kwenye lami huko Ulaya hufungwa 235/40 kwenye rimu za inchi 18. Timu zile zina fedha na wahandisi wa kufanya lolote linaloruhusiwa, na hakuna mtu wa kuwaambia inchi 15 ni za kizamani. Kwenye mawe huvaa rimu ndogo na ukuta mrefu. Kwenye lami laini huvaa rimu kubwa na ukuta mfupi. Wewe huna nafasi ya kubadilisha kila wiki, basi chagua kwa kuangalia barabara mbaya zaidi unayoipita mara kwa mara, badala ya ile nzuri unayoipita sikukuu.

Jambo jingine linalosahauliwa ni uzito. Gurudumu haliegemei springi, springi ndizo zinazoegemea gurudumu. Kila kilo inayoongezeka pale chini inazipa shokapu kazi ngumu zaidi ya kulirudisha tairi ardhini baada ya kila tuta. Na kwa kuwa gurudumu linazunguka, uzito uliosogezwa mbali na kitovu unaichosha injini wakati wa kuondoka na breki wakati wa kusimama. Rimu kubwa ya bei rahisi mara nyingi ni nzito kuliko ndogo ya kiwandani. Beba mizani dukani, au nyanyua zote mbili kwa mikono, ulinganishe. Rimu nyepesi ya inchi 16 italipa gari lako utulivu zaidi kuliko nzito ya inchi 18.

Linda kipenyo cha nje

Kanuni ya kwanza ya kubadilisha ukubwa ni hii: rimu ikikua, ukuta upungue, ili kipenyo cha nje cha tairi kibaki palepale. Kukipata ni hesabu ya dakika moja. Zidisha upana kwa asilimia ya ukuta, zidisha jibu kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu, ambacho ni inchi zake mara milimita 25.4.

Kwa mfano wetu:

- 195/65R15: ukuta 127, kipenyo cha nje karibu milimita 634.
- 205/55R16: ukuta 113, kipenyo 632. Tofauti haifiki nusu asilimia.
- 225/45R17: ukuta 101, kipenyo 634. Sawa kabisa.
- 225/40R18: ukuta 90, kipenyo 637. Imezidi kwa nusu asilimia hivi.

Sasa tazama kosa linalofanywa mara nyingi. Mtu anapata matairi ya 215/55R17 kwa bei nzuri, na rimu inaingia. Kipenyo chake ni milimita 668, kubwa kwa asilimia 5 kuliko cha kiwandani. Gari limeinuka milimita 17, naye anafurahi kwamba halisugui matuta tena. Lakini kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kuliko kipima mwendo kinavyojua: mwendo uliokuwa ukionyeshwa kama 100 sasa kwa kweli ni 105. Kwenye kijiji chenye kikomo cha 50, mwanya huo unatosha kukupatia tochi ya barabarani. Gia zote zimekuwa ndefu, injini inazubaa kwenye mlima, breki zinafanya kazi ngumu zaidi, na usukani ukikatwa wote tairi linaweza kula fenda. Ulichotafuta kilikuwa utulivu. Ulichopata ni gari refu na zito la kuondoka.

Jiwekee mpaka wa asilimia 2 juu au chini, na usivuke 3 kwa hali yoyote. Magurudumu yote manne yawe na kipenyo kimoja, isipokuwa kama kiwanda chenyewe kiliweka tofauti mbele na nyuma, maana mfumo wa breki wa ABS unalinganisha mizunguko ya magurudumu. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, hili ni la kushika zaidi. Subaru hutaka mizunguko ya nje ya matairi manne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6, jambo linalomaanisha kwamba kashata za tairi moja zisipishane na za jingine kwa zaidi ya milimita 1. Ukifunga tairi jipya moja na makuukuu matatu, gia za katikati zitasuguana safari nzima na kuchemka.

Upana: ongeza kidogo, jua bei yake

Tairi pana haligusi lami kwa eneo kubwa sana kuliko jembamba, ikiwa mzigo na upepo ni ule ule. Kinachobadilika hasa ni umbo: sehemu inayogusa huwa fupi kwa urefu na ndefu kwa upana. Umbo hilo hulisaidia tairi kusimama imara ubavuni, na mpira kutochemka upesi gari likikata kona mfululizo, kama kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto.

Bei yake ipo. Tairi pana hufuata mikwaruzo na mabonde yaliyochongwa na malori kwenye lami, usukani ukawa unavutwa huku na huku. Linakula mafuta zaidi. Na masika yakianza, linapaswa kusukuma maji mengi zaidi pembeni kwa wakati uleule. Mwendo ukizidi, linaanza kupanda juu ya maji, na hapo usukani na breki havina kazi. Tairi jembamba lenye kashata nzuri linakata maji mapema kuliko pana lililokwisha nusu.

Kwa gari la kawaida la familia, milimita 10 juu ya kipimo cha kiwandani ni ongezeko linalohisiwa na lisiloleta madhara mengi. Milimita 30 ni kwa mtu anayejua anachokitafuta.

Sasa rimu

Ukishalichagua tairi, rimu ina vipimo vitano vya kukaguliwa. Vingi hupigwa chapa nyuma ya mikono yake au kwenye uso unaokutana na habu. Muuzaji asiyekubali uigeuze rimu uvisome, mwache.

*Upana wa rimu.* Unaandikwa kwa inchi na herufi J. Tairi la 195/65R15 linakubali rimu ya kuanzia 5.5 hadi 7, na 6 ndicho kipimo chake. 205/55R16 linakubali 5.5 hadi 7.5, na kipimo chake ni 6.5. 225/45R17 linakubali 7 hadi 8.5, na kipimo chake ni 7.5. Rimu ikiwa nyembamba kupita kiasi, ukuta hubetuka nje kama mto na kuyumba, na faida yote ya ukuta mfupi hupotea. Ikiwa pana kupita kiasi, tairi hunyooshwa, ukingo wa rimu ukabaki wazi kwa kila shimo. Kaa kwenye kipimo cha tairi lako au nusu inchi juu yake.

*PCD.* Hii ni idadi ya stadi na kipenyo cha duara linalopita katikati yake. Toyota Vitz na Honda Fit nyingi ni 4x100. Allion, Premio na Impreza nyingi ni 5x100. Mark X na Nissan X-Trail ni 5x114.3. Magari mengi ya Volkswagen na Mercedes-Benz ni 5x112. Usidanganywe na ukaribu wa 112 na 114.3. Nati zitaingia na kukaza, lakini stadi zitakuwa zimevutwa pembeni, na stadi iliyopinda huchoka hadi ikatike.

*Tundu la katikati.* Hapa ndipo soko la rimu za mitumba linapoumiza watu wengi. Allion na Impreza zote ni 5x100, kwa hiyo rimu huuzwa kama za kubadilishana. Habu ya Allion ina milimita 54.1, na ya Impreza ina 56.1. Rimu ya Impreza ikivaa Allion inalegea milimita 2, gurudumu halikai katikati sawasawa, na usukani utatetemeka kwenye mwendo wa safari hata ukibalansi mara tatu. Dawa yake ni pete ya kuziba nafasi hiyo, yenye 56.1 nje na 54.1 ndani. Rimu ya Allion nayo haiingii Impreza mpaka ichongwe, na rimu ya kuchongwa kwa kukisia uikatae.

*Ofseti.* Huandikwa ET na namba ya milimita. Inaeleza uso unaokutana na habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuseme rimu ya kiwandani ni 6J ET45 na unataka kufunga 7J ET40. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande, na ofseti imelisukuma gurudumu nje milimita 5. Ukingo wa nje umetoka karibu milimita 18, na wa ndani umeingia karibu 8. Je, fenda ina nafasi ya 18? Je, shokapu ina nafasi ya 8? Pima kwa rula kabla ya kulipa.

Ofseti inagusa ushikaji wa barabara moja kwa moja. Kiwanda kimepanga mstari wa kugeukia gurudumu ukutane na ardhi karibu na katikati ya tairi. Ukilitoa gurudumu nje, kila shimo na kila breki hupata mkono mrefu wa kuvuta usukani, na beringi hubeba mzigo ambao haikutengenezewa. Vipande vya kupanua vinavyowekwa kati ya habu na rimu hufanya madhara hayohayo, tena mara nyingi hupunguza uzi unaoshikwa na nati. Baki na ofseti ya kiwandani, au isogee nje kwa milimita chache tu.

*Nati.* Saluni nyingi za Toyota na Subaru hutumia stadi za milimita 12, lakini uzi wa Toyota una hatua ya 1.5 na wa Subaru 1.25. Ukilazimisha nati ya moja kwenye nyingine umeua uzi. Angalia pia makalio ya nati. Rimu nyingi za asili za Toyota hutaka nati yenye washa bapa, na rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye mdomo wa pia. Nati isiyoendana na tundu lake hukaza leo na kulegea kesho.

Rimu ya mtumba ikaguliwe kwa ndani pia. Tafuta nyufa, mahali palipochomelewa na mahali paliponyooshwa. Omba izungushwe kwenye mashine ya kubalansi kabla tairi halijavishwa; ikiyumba, usiichukue.

Ubora wa tairi lenyewe

Fedha uliyokusudia kununulia inchi ya ziada ya rimu, mara nyingi ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye mpira bora. Tairi zuri la inchi 15 husimamisha gari mapema na kushika kona yenye maji vizuri zaidi kuliko tairi hafifu la inchi 17. Nisingependa msomaji alisahau hili hata akisahau mengine yote, kwa sababu lina uhusiano na maisha ya waliomo garini.

Namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kibandiko. Matairi ya 225/40R18 hutengenezwa yenye 88 na yenye 92. Kwa gari lililotoka na 91, tairi la 88 linabeba kilo 560, limepungukiwa kilo 55 kila gurudumu. Dai la 92, ambalo huwa na alama ya XL. Lakini tairi la XL linahitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule: palipotakiwa kilopaskali 220, hesabu inatoa karibu 250, yaani psi 36.

Tarehe nayo isomwe. Mwishoni mwa namba ya DOT pana tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linalokaa juani dukani linazeeka hata kama halijawahi kukanyaga lami. Mpira hukauka, ukawa mgumu na wa kuteleza. Tazama pia kama kuna uvimbe au ufa ubavuni, hasa kwenye matairi ya mitumba. Ukuta ulioumia hauzibwi.

Baadhi ya matairi yana madaraja matatu ubavuni. La kusimama kwenye maji huanzia AA, likafuatiwa na A, B na C. La kuhimili joto ni A, B na C. La tatu ni namba ya kudumu: kubwa humaanisha tairi litakaa sana, na mara nyingi mpira wake ni mgumu zaidi. Anayetafuta ushikaji atazame kwanza daraja la maji, ndipo aulize litadumu miaka mingapi.

Kama fedha inatosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, unahisi usukani umelegea na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, kitako kinakuzunguka kabla hujatambua.

Kufunga na kujaribu

Omba nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, na za mwisho zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu badala ya bunduki ya upepo. Kwa saluni nyingi za Toyota kipimo ni nyuton-mita 103. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Balansi magurudumu yote manne, kisha piga alaimenti upya.

Gari likiwa limesimama, kata usukani wote kushoto kisha kulia, uchungulie nafasi kati ya tairi, fenda na shokapu. Pakia watu wanne, pita kwenye tuta polepole, kisha uchunguze kwa tochi kama kuna mahali palipong'arishwa na msuguano. Ukimaliza hapo, tafuta barabara uliyoizoea na uiendeshe kwa mwendo wako wa kila siku. Sikiliza mambo matatu: usukani unarudi wenyewe katikati, gari linanyooka bila kushikiliwa, na mkupuo wa kwanza wa kona hauna kuchelewa. Cheza na upepo kwa psi 1 au 2 juu ya kibandiko, wala usishuke chini yake.

Uchague nini?

Kwa mtu wa lami nzuri na safari ndefu, hatua moja inatosha: kutoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 kwenye rimu nyepesi ya 6.5J, ofseti ya kiwandani. Ukuta umepungua milimita 14 tu, na usukani utauhisi umebadilika.

Kwa mtu ambaye lami yake huishia njiani, au anayepita mashimo na matuta asubuhi na jioni, baki na 195/65R15 na ununue mpira bora unaoumudu. Na kama gari lako lilitoka na 205/50R17, usione haya kushuka hadi 205/55R16, ikiwa kalipa za breki zinaingia ndani ya rimu. Kipenyo kinapungua chini ya asilimia moja, unapata milimita 10 za ziada za ukuta, rimu hazipindi ovyo, na gari linatulia kwenye barabara yako.

Kwa mpenzi wa mwendo anayekwenda kwenye viwanja vya mashindano, 225/45R17 kwenye 7.5J ni chaguo zuri, mradi shokapu na bushi ziwe mpya na rimu ziwe nyepesi.

Siku ya kwenda dukani, chukua karatasi yenye mistari saba: ukubwa wa tairi ulioamua, namba ya mzigo na herufi ya mwendo, upana wa rimu, PCD, tundu la katikati, ofseti, na uzi wa nati. Muuzaji akikuletea rimu nzuri isiyolingana na mstari mmojawapo, mwambie akutafutie nyingine. Rangi na mtindo uvichague miongoni mwa zile zilizopita mistari yote saba.